Bujora na Saanane: Matembezi ya Likizo kwa Familia ya Mwanza Yenye Bajeti Ndogo

Likizo ya katikati ya mwaka hufika Mwanza wakati masika yameshakatika, vumbi limeanza kutimka barabarani, na hakuna tena tope wala mvua ya kumfanya mzazi aseme kwamba safari itasubiri. Wenye uwezo huchukua Barabara ya Musoma hadi lango la Ndabaka, wakaingia Serengeti na kulala huko siku mbili tatu. Familia ya mwalimu, ya fundi cherehani au ya mchuuzi wa samaki wa mwalo wa Kirumba haimudu safari ya namna hiyo, wala haina sababu ya kujiona imekosa, kwa kuwa karibu na jiji zipo sehemu mbili ambazo watu wengi waliozaliwa hapa hapa hawajawahi kuzikanyaga: Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, na Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane.

Nimezitembelea zote mbili nikiwa na watoto wa rika tofauti, na safari nyingine nikiwa na wazee, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi anayetaka kujua kama fedha yake itakwenda mahali panapostahili. Jibu langu ni kwamba sehemu zote mbili zinastahili, lakini hazifai familia ya aina moja, na wala hazifai kuunganishwa katika siku moja. Jambo la pili, ambalo limechukua muda kunikaa kichwani, ni kwamba unafuu wa matembezi haya hutegemea zaidi mahali unapoamua kubana na mahali unapoamua kufungua mkono kuliko ukubwa wa kiingilio chenyewe. Anayembania mwongozaji kisha akatapanya kwenye soda na chipsi hurudi nyumbani mfuko ukiwa mtupu na watoto wakiwa hawana la kusimulia.

Nianze na Bujora, kwa kuwa ndiko ninakokupenda zaidi. Makumbusho yako takriban kilomita 18 mashariki ya jiji, katika Wilaya ya Magu, na njia yake ni rahisi kwa asiye na gari: daladala za Kisesa hupita Mabatini, Nyakato na Igoma, na ukishuka Kisesa unachukua bodaboda au unatembea kwa miguu hadi parokiani. Njiani, pale Igoma, ndipo yalipo makaburi ya waliofariki katika ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996. Wapo wazazi wanaopenda kushuka hapo kwanza na watoto. Mimi huona huo ni mzigo mzito mno kwa mwanzo wa siku ya kufurahi, na ningependa mahali pale papewe siku yake.

Makumbusho haya ni ya Kanisa Katoliki, chini ya Parokia ya Bujora, wala si tawi la Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Wakati huo utawala wa machifu ulikuwa umeshafutwa tangu mwaka 1963, na ngoma, viti na mikuki ya watemi ilikuwa imebaki bila ikulu ya kuihifadhi. Kuna jambo la kustaajabisha hapa, kwamba wamisionari, ambao katika sehemu nyingi za bara hili hulaumiwa kwa kuteketeza vitu vya jadi, katika kilima hiki ndio waliovikusanya na kuvijengea nyumba. Kanisa lenyewe ni la mviringo kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma, na altare yake imechongwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Watoto wanaosali Jumapili katika makanisa ya mstatili yenye mabati mapya hulishangaa kanisa hili kwa muda mrefu, na ni vyema kuwaacha walishangae.

Anayetarajia jumba moja lenye makabati ya vioo atakuta kitu tofauti. Ni uwanja wa wazi wenye majengo kadhaa, kila moja na kazi yake: nyumba ya jadi yenye vyombo vyake, nyumba ya nyasi ya mganga, nyumba ya mhunzi pamoja na zana zake, jengo la historia ya watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na mahali zinapotunzwa ngoma za kitemi. Kuna pia mche duara unaozungushwa kwa mkono, ambao unaonyesha jinsi makundi ya rika mbalimbali ya Wasukuma yalivyokuwa yakihesabu kuanzia moja hadi kumi, kila kundi kwa maneno yake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa bora cha kufundishia katika eneo zima, na sijui kwa nini hakitajwi zaidi. Mtoto wa darasa la nne aliyezoea kukariri namba kwa viboko hugundua hapo kwamba watu wa rika moja waliweza kujitungia namba zao wenyewe, na kabla hujamwondoa atakuwa ameshaanza kubuni zake na ndugu zake.

Kwenye nyumba ya mhunzi nashauri mkae zaidi kuliko mtakavyopangiwa. Wasukuma walitumia majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa kanda hii kabla majembe ya dukani hayajaenea, na jembe hilo lilikuwa na thamani hata katika kulipa mahari. Mwongozaji akieleza jinsi mvukuto unavyopuliza moto hadi chuma kikalainika, somo la sayansi la darasani hupata mwili. Kwenye jengo la watemi, kinyume chake, maelezo huwa marefu na yenye majina mengi, na mtoto mdogo huanza kuvuta shati la baba yake. Hapo hakuna aibu kumwomba mwongozaji afupishe.

Mwongozaji ndiye kitu cha kulipia Bujora bila kusitasita. Vitu vingi vilivyomo havijielezi vyenyewe: kibuyu ni kibuyu hadi uambiwe kilibeba nini na nani hakuruhusiwa kukigusa. Mtu anayepita peke yake humaliza uwanja wote haraka na kutoka akisema ameona nyumba za nyasi, maneno ambayo nimeyasikia kwa watu wazima wenye shahada. Msaidizi wa pili, ambaye halipwi chochote, ni mzee wa familia. Safari niliyokwenda na mama mkwe wangu ilinifundisha hivyo, kwa sababu mwongozaji alipomsikia akiitikia "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa lafudhi ya Kwimba, aliyaacha maelezo aliyoyazoea na kuanza kumwita mayu, yaani mama, na mama naye akaingia ndani ya ile nyumba ya jadi kama mwenyeji, akawaonyesha wajukuu jiwe la kusagia na jinsi mkono unavyoshikwa ili usichubuke. Mwongozaji alinyamaza na kusikiliza, jambo ambalo si kila mwenye kazi hiyo hulijua. Nauli ya daladala ya mtu mmoja zaidi ni kitu kidogo sana ukiilinganisha na faida hiyo.

Kuhusu ngoma, lazima niseme wazi, kwa kuwa picha zinazosambaa mtandaoni huwafanya watu waamini kwamba kila siku kuna wachezaji wenye chatu shingoni. Ngoma huchezwa kwa mpango, na familia moja inayotaka kuonyeshwa ngoma siku ya kawaida italazimika kuwasiliana mapema na kubeba gharama yake, ambayo haiendani na bajeti ninayoizungumzia. Njia ya busara ni kuungana na familia nyingine, jumuiya au darasa la shule, au kusubiri Bulabo. Sherehe hii hufanyika Bujora kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mara nyingi mwezi wa sita, na huyakutanisha makundi ya ngoma katika mashindano. Wachezaji hugawanyika katika pande mbili za kale, Bagika na Bagalu, ambazo kwa mapokeo hutokana na waganga wawili waliokuwa wakishindana katika karne ya 19, Ngika na Gumha, na ushindi huamuliwa na umati: upande unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio uliotia fora. Hapo utaona bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa na majembe mkononi, na utawaona Bayeye, kundi la wacheza nyoka, na nyoka wao. Mtoto anayeogopa nyoka asisogezwe mbele kwa nguvu ili apigwe picha.

Upungufu wa Bujora, kwa mtazamo wa mzazi, uko katika aina yake yenyewe. Ni mahali pa kusikiliza na kutazama, na mtoto wa chini ya miaka sita hana subira hiyo. Kutoka jengo hadi jengo ni kutembea juani, kwa hiyo kofia na maji ni vitu vya lazima, na anayefika saa saba mchana atawasikia watoto wakilalamika kabla hajafika kwa mhunzi. Saa tatu au saa nne asubuhi ni wakati mzuri.

Saanane ni jambo jingine kabisa. Hapa watoto hawasikilizi sana. Wanakimbia, wanapanda mawe na wanapiga kelele, na kazi ya mzazi ni kuwahesabu. Kisiwa kiko karibu mno na jiji hivi kwamba ukisimama juu ya mawe yake unaziona nyumba zilizopangana juu ya vilima vya Mwanza, na boti kutoka ofisi ya hifadhi iliyoko Capri Point hufika kwa dakika chache tu. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini, dakika hizo pekee zinatosha kuwa habari ya likizo nzima.

Jina la kisiwa linatokana na Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikimiliki kabla ya serikali kukichukua na kuanzisha bustani ya wanyama mwaka 1964. Baadaye kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, zikiwemo sehemu za maji na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Udogo huo ndio uzuri wake kwa familia. Huhitaji gari, huhitaji kulala, na hata bibi mwenye goti linalomsumbua anaweza kukaa kivulini karibu na gati huku wengine wakizunguka na kurudi.

Wanyama wa kuona wapo, ingawa anayekwenda akiwa na Serengeti kichwani atajiumiza bure. Utawaona swala pala wakipita kati ya vichaka, pimbi wakiota jua juu ya mawe, tumbili wakitafuta cha kunyang'anya, na kenge akijiburuta kuelekea majini. Mnyama ambaye watoto wangu walimkumbuka kuliko wote ni mjusi wa miamba, yule ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, na ambaye wataalamu wamempa jina la kisayansi Agama mwanzae kwa heshima ya mji huu. Yuko pia kwenye mawe ya Bugando na ya uani kwetu, na hatumtazami. Kisiwani, kwa kuwa tumelipa ili kutazama, tukamtazama. Kwa ndege, tafuta furukombe mwenye kichwa cheupe juu ya miti mikavu, na mnandi wanaokausha mabawa yao kwenye majabali ya pembeni.

Maelezo ya malipo yanahitaji uangalifu kidogo. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mlangoni. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa simu au kwa kadi, hivyo hakikisha salio liko kwenye simu kabla hamjatoka nyumbani, hasa kama mnakwenda mkiwa kundi kubwa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha wageni, watoto hulipa pungufu ya watu wazima, na walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio. Viwango hupangwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, yaani karibu na likizo hii, kwa hiyo sitaandika hapa namba ambayo huenda ikabadilika kabla hujafunga safari. Ukipiga simu kuulizia, uliza jambo moja la ziada: kama nauli ya boti imo ndani ya kiingilio au inalipwa peke yake, na kama kundi kubwa hupata nafuu. Familia mbili au tatu zinazokwenda pamoja huwa na nguvu zaidi ya kupanga muda.

Nendeni asubuhi, kwa kuwa ziwa huwa limetulia kuliko alasiri, na mtu mwenye kichefuchefu cha mawimbi ataushukuru ushauri huu. Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea, hata kama safari ni fupi na hata kama kaka yake mkubwa anacheka. Kuogelea kusifikiriwe: maji ya ukingoni mwa Ziwa Victoria yana kichocho, na mamba nao wamo. Mtoto aliyezoea kuingia ziwani kule kijijini kwa babu atakubishia, na inabidi umkatalie tangu mkiwa nyumbani, kwani mkishafika ukingoni maneno hayasikiki tena.

Sasa chakula, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho kinachovunja bajeti za matembezi haya yote mawili. Mgahawa mmoja wa ufukweni, ambao sitautaja, ulitutoza kwa sato mmoja wa kukaanga na sahani chache za chipsi fedha iliyozidi kila tulichokuwa tumetumia tangu asubuhi, na sato mwenyewe alikuwa mdogo kuliko tunayemkaanga nyumbani siku ya kawaida. Tangu hapo tunabeba. Chapati zilizopikwa usiku, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na maji mengi vinatosha, na kama kuna mzee katika msafara, michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hayakosi kumfurahisha. Pia hayaharibiki kwa joto, sifa ambayo mkate wenye siagi hauna. Bebeni kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na ndani ya hifadhi hakuna atakayewavumilia. Kisiwani msile karibu na tumbili. Nimeona chapati ikiondoka mkononi mwa mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, na hakuna aliyeweza kumsaidia kwa sababu ya kicheko.

Mwenye watoto wa kuanzia darasa la tatu na kuendelea, na ambaye mfuko wake unaruhusu safari moja tu katika likizo nzima, namshauri aende Bujora, alipie mwongozaji, na ampeleke mzee. Mwenye watoto wadogo, au mwenye kundi la mchanganyiko ambalo wengi wake wanataka kukimbia, aende Saanane. Atalipa zaidi kwa kila kichwa, lakini hatatumia nusu ya siku kuwanyamazisha. Kuziunganisha mbili kwa siku moja, kama nilivyoona baadhi ya watu wakijisifu, ni kuwachosha watoto barabarani kati ya Kisesa na Capri Point na kufika Saanane wakati upepo umeshaanza.

Na kwa familia ambayo hata Saanane ni mbali na mfuko wake mwezi huu, kuna kivuko cha Kamanga kinachoondoka katikati ya jiji kuelekea upande wa Sengerema. Hakikujengwa kwa ajili ya watalii, na hakuna atakayekueleza chochote, lakini kwa nauli ya abiria wa kawaida mtoto hupanda meli, huliona Jiwe la Bismarck, alama maarufu ya jiji, kutoka majini, na huteremka ng'ambo akala tunda kabla ya kurudi. Siku za gulio msongamano huwa mkubwa, kwa hiyo chagueni siku nyingine.

Kwa Bujora, siku nzuri ni Jumamosi au siku za kazi. Jumapili asubuhi kanisa linatumika kwa misa, na asiyekuja kusali hatapata nafasi ya kulitazama vizuri hadi waumini watakapokuwa wametoka.